Askari Aliyeinamisha Kichwa

Mwezi uliopita kaunsili ilileta watu wenye mashine za maji kuosha mnara wa askari ulioko kwenye kiwanja kidogo nyuma ya soko la Walthamstow. Nilikuwa natoka kununua samaki, mjukuu wangu kanishika mkono, upepo ukatuletea harufu ya jiwe lililorowa, mavi ya njiwa na dawa ya kusafishia vyoo. Nikashika ukuta wa duka. Sikuwa naumwa. Mdomo ulinijaa tu yale mate mepesi yanayotangulia matapishi, kama ilivyokuwa ikinitokea nilipokuwa mtoto wa skuli. Mjukuu wangu, anayekisikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini yule mtu wa juu anaangalia chini. Nikamwambia amechoka, twende zetu, samaki wataharibika.

Lilikuwa jibu la kivivu. Nimekaa nalo tangu siku ile na limekataa kuteremka.

Askari mwenyewe ni wa shaba iliyotoa kutu ya kijani. Amevaa kofia ya chuma, bunduki yake ameigeuza mdomo chini, mikono miwili juu ya kitako chake, na kichwa amekiinamisha mpaka kidevu kinagusa kifua. Chini yake pana ngazi pana za jiwe jeupe pande zote nne, na juu ya ngazi ukuta wenye majina yaliyochongwa, mengi, mstari juu ya mstari. Baridi ikikaribia watu wa mtaa huja kuweka mashada ya maua mekundu ya karatasi. Siku zile za utoto wangu mvua iliyalowesha mpaka rangi ikatiririka kwenye jiwe, na hakuna aliyekuja kuyaondoa mpaka yalipogeuka uji.

Tulifika London baada ya Mapinduzi, Mama na mimi, tukapokelewa na Ami Salim, mdogo wake Baba, aliyekuwa ametangulia huku kusoma na masomo yakamshinda, akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha rangi. Alitupa chumba cha juu katika nyumba aliyopanga. Chumba kilinuka mafuta ya taa ya hita na koti lililorowa. Baba alibaki Unguja na duka lake la vitambaa. Ni Ami ndiye aliyempelekea maneno kwamba asilifunge, avumilie kidogo, mambo yatatulia, kisha aliuze kwa bei ya maana atufuate. Mambo hayakutulia. Siku moja Baba alichukuliwa dukani mchana, mita ya kupimia vitambaa bado iko mkononi, na tangu hapo hakuna aliyetuambia neno la kushika.

Mtoto huelewa maiti na huelewa mtu hai. Baba hakuwa hiki wala kile. Mama hakukaa eda kama mjane, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mumewe amekufa. Wala hakupaka hina wala hakujifukiza udi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia yu hai. Asubuhi alikwenda kushona makoti kwenye kiwanda cha Myahudi mmoja, jioni alipika, na kati ya hayo mawili alisikiliza ngazi. Mtu akipanda ngazi za nyumba ile, mkono wa Mama ulisimama ndani ya sufuria.

Sasa, mtu wa Unguja mnyang'anye nyumba, kazi na nchi, ataishi. Mnyang'anye baraza, hatajua akae wapi. Nyumba za mtaa wetu milango yake ilifunguka moja kwa moja kwenye njia na ikafungwa mara hiyo hiyo. Hakuna pa kukaa nje, hakuna pa kumwona mpita njia na kumwuliza habari za kwao. Kwa hiyo kiangazi chetu cha kwanza, Ami Salim na wenzake walipoziona zile ngazi za mnara, hawakuuliza kitu. Jiwe jeupe, pana, kimo cha goti, linaota jua tangu adhuhuri, na nyuma yake pana ukuta wa kuegemeza mgongo. Mtu gani angejenga kitu kama kile kama si kwa kukaliwa? Wakakaa. Jumapili ya pili walikuja na chupa ya kahawa na vikombe vidogo, Jumapili ya tatu na karata, na haikupita miezi miwili pakaitwa Barazani. Hakuna Mwingereza aliyewaambia kitu. Walipita mbali tu, midomo wameibana.

Mama alinivalisha koti kila Jumapili na kunituma huko. "Kaa karibu na Ami yako," alisema, "cheza na chochote utakachokiona, lakini masikio yako yasicheze. Ukisikia jina la Baba yako, njoo mbio. Usingoje waseme mengine." Habari za kwetu zilifika barazani kabla ya kufika nyumba yoyote, na mwanamke hakai barazani. Mimi nilikuwa sikio lake.

Ningependa kuandika kwamba wazee wale walikuwa watu wa heshima waliokatwa na ulimwengu. Wengine walikuwa hivyo siku nyingine za wiki. Barazani walikuwa kitu kingine. Ami alikuwa akienda mpaka Tooting, kwa Muhindi mmoja aliyetoka Mombasa, kununua majani ya tambuu, popoo, chokaa na katu, ile inayokoleza wekundu. Walitafuna mchana kutwa na kutema. Mate mekundu yaliruka kwenye jiwe jeupe, yakachuruzika kwenye ngazi, yakakauka rangi ya ini. Mzee Twalib, aliyekuwa karani zamani na mwenye meno ya bandia, aliyatoa mdomoni katikati ya mazungumzo, akachokoa vipande vya popoo kwa ukucha, akayafuta kwa leso, akayarudisha. Huku wanasimuliana habari za damu. Nani alikatwa wapi, nani alitupwa kisimani, binti wa nani alifanywa nini. Walisimulia kama watu wanavyosimulia mpira, kila mmoja akitaka lake liwe kubwa kuliko la mwenzake. Na waliofanya hayo hawakuwa na majina. Waliitwa "wale."

"Wale ukiwapa kiti hukaa sakafuni," alisema Twalib, "ukiwapa sakafu hukaa kichwani pako."

"Na ukiwapa kichwa?" Ami akamchokoza.

"Ah, kichwa! Kichwa washakichukua bila kupewa, yakhe!"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, kwa sababu Ami alicheka. Sikuona kinyaa siku ile. Kinyaa kilikuja baadaye, na kilipokuja hakikuondoka.

Aliyeona kinyaa mapema ni Mwingereza mmoja mwanamke, mzee, mwembamba, mwenye kofia ya sufu. Kila Jumapili jioni, tulipoanza kuinuka, alitokea na ndoo ya maji ya dawa na brashi, akapiga magoti, akasugua pale tulipokaa. Pale hasa. Hapo kando, penye mavi ya njiwa, hakusugua. Wazee walimwita Bibi Ndoo.

"Angalieni, Bibi Ndoo anatuoshea baraza," Ami alisema. "Kwetu ningelipa mtu."

Mimi peke yangu nilimwangalia usoni, na nilijua uso ule. Ni uso wa mtu anayetoa panya aliyekufa chini ya kitanda.

Hapa ndipo nieleze nilivyouelewa mnara ule, maana kila kilichofuata nilikiona kupitia hapo. Nilijua kusoma. Niliyasoma yale majina yote, nikaona kwamba jina la ukoo wa muuza nyama wa pembeni, lililoandikwa juu ya duka lake kwa herufi nyekundu, limechongwa kwenye jiwe mara nyingi, na jina la muuza mikate vivyo hivyo. Nilimwuliza Ami hawa ni nani. Akajibu bila kugeuka, "Watu wa mtaa huu. Walikufa vitani." Basi. Na mimi vita nilivyovijua vilikuwa vya aina moja. Vita ni watu wa mtaa mmoja kuingiliana majumbani. Vita ni fundi aliyekutengenezea kitanda kuja na bunduki. Sikujua kwamba kuna vita ambavyo watu hupanda meli kwenda kupigana na watu wasiowafahamu. Mtu angeniambia ningeona ni upuuzi. Kwa hiyo nilikata shauri kwamba watu wa mtaa ule wa Walthamstow waliuana wao kwa wao, zamani kidogo, kabla hatujaja. Ukoo wa nyama na ukoo wa mikate. Nilimchungulia muuza nyama na kisu chake, nikamchungulia muuza mikate, na kwa kuwa sikuwahi kuwaona wakizungumza, nikathibitisha.

Na askari wa juu? Yule ndiye muuaji. Ilikuwa wazi kwangu. Bunduki kaigeuza chini, kichwa kakiinamisha mbele ya majina ya watu aliowaua, na watu wa mtaa wamemfunga hapo kwa shaba asiweze kuinua macho tena. Niliwastahi sana Waingereza kwa jambo hilo. Niliwaza kwamba siku moja na sisi tutakuwa na jiwe kama lile pale Forodhani, Unguja, na jina la Baba litachongwa, nusu-mfu na nusu-hai kama alivyo, na mtu aliyemchukua atasimama juu yake ameinamisha kichwa. Nilipanga mpaka urefu wake.

Jumapili moja ya kiangazi, jua kali kwa kadiri ya jua la huku, alikuja mtu barazani. Alitoka upande wa kituo cha basi, mrefu, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na suruali ya baharia, kofia yake ya viua ameivua na kuishika kwa mikono miwili kifuani. Alisimama chini ya ngazi.

"Asalaam alaykum," alisema.

Hakuna aliyeitika. Mnajua uzito wa jambo hilo. Kwetu salamu huitikiwa hata ya mtu unayemchukia, kisha ndipo mgombane. Nilisikia karata zikiwekwa chini.

"Shaaban seremala," Twalib alisema polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa. "Wa Ng'ambo ya mji wetu. Na wewe wamekufukuza?"

"Nilishuka kwenye meli, mzee. Sikurudi."

"Wametumaliza sisi, sasa wanatafunana," Twalib akawaambia wenzake. "Karibu London, bwana mkubwa. Bunduki yako umeiacha forodhani?"

Wakacheka. Yule mtu hakucheka wala hakuondoka. Aliinamisha kichwa. Kidevu kilimgusa kifua, mikono miwili juu ya kofia, na mimi niliyekuwa nimekaa ngazi ya juu kabisa niliangalia shaba nyuma yangu, nikamwangalia yeye. Alikuwa ni yule yule. Nilidhani imeanza. Nilidhani sasa hivi mtu atainuka aanze kuchonga.

"Salim," alisema, bado anaangalia chini, "sikuja kwa ubaya. Nimekuja kwa habari ya ndugu yako Seif. Nilikuwepo siku..."

Ami alikuwa na tambuu shavuni. Alinyanyuka, akashuka ngazi moja, akamtemea. Si chini; kifuani. Mate mekundu, mengi, mazito, yenye vipande vya majani, yalimpiga chini ya shingo yakateremka kwenye shati jeupe mpaka mkandani. Kisha Twalib akasema, "Hiyo ndiyo medali yako, askari," na baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alijipiga mapaja. Meno ya Twalib yalimteleza akayadaka mkononi, wakazidi kucheka.

Shaaban hakujifuta. Alingoja kicheko kipungue, akasema, "Basi mwambieni mkewe kwamba nilikuja," akageuka akaenda zake.

Ami aliniona namwangalia. "Wewe," alisema, na mdomo wake ulikuwa mwekundu kama wa mnyama aliyekula, "hukuona kitu. Umesikia? Nyumbani hakuna habari ya kupeleka."

Lakini nilikuwa nimelisikia jina. Niliteremka ngazi upande wa pili, nyuma ya ukuta, nikakimbia.

Mama alikuwa anakuna nazi, nazi iliyonunuliwa kwa tabu. Nilimwambia kwa jinsi nilivyoelewa: kwamba muuaji amekuja, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, amelitaja jina la Baba, na Ami kamtemea tambuu badala ya kumwacha amalize. Mama aliacha kukuna.

"Muuaji gani? Ana jina?"

"Shaaban. Seremala."

Aliinuka kwenye mbuzi, akaiweka nazi chini. Kisha alivaa koti juu ya kanga, akajifunga mtandio, na tukatoka hata mlango hatukuufunga.

Wazee walikuwepo bado. Walipomwona anakuja moja kwa moja kwenye kiwanja, wakaanza kukaa sawasawa, mmoja akaficha karata. Ami alishuka kumzuia.

"Shemeji, rudi nyumbani. Hapa si pahala pa wanawake."

"Amekwenda wapi?"

"Nani?"

"Salim, mimi si mtoto. Mtu aliyelitaja jina la mume wangu amekwenda wapi?"

"Mume wako aliliwa na hao hao! Yule ana damu mpaka hapa," Ami akajionyesha kwenye kiwiko. "Unataka kuzungumza naye? Mbele za watu?"

"Nataka kujua mimi ni nani," Mama alisema. "Nimechoka kutojua nivae nini nikiamka. Wewe utanijibu?"

Twalib akaingilia, "Bibie, maneno haya ya nyumbani..."

"Mzee Twalib, futa mdomo."

Akaufuta. Sikuwahi kumsikia Mama akizungumza na mtu mzima namna ile, na sikumsikia tena. Aliwaangalia wote, mmoja baada ya mmoja, kisha akaangalia ngazi, mate mapya juu ya mate ya zamani, maganda ya njugu, na ua moja la karatasi lililobaki tangu baridi, limenata kwenye chokaa ya tambuu. Uso wake ukawa kama wa Bibi Ndoo. Ulifanana kabisa.

Bibi Ndoo mwenyewe alikuwa amekwisha kufika, mapema kuliko desturi, amepiga magoti na brashi yake. Aliona yote, nadhani. Mama hakuwa na Kiingereza cha maana. Alimwonyesha kwa mkono kifua chake, akachora mstari kuteremka, akakunjua viganja kuuliza. Yule mwanamke alimtazama, akanyanyua brashi inayodondoka maji, akaelekeza ng'ambo ya kiwanja, kwenye vyuma vya ngazi za choo cha wanaume kilichokuwa chini ya ardhi.

Mama alisimama juu, mimi nikateremshwa. Nakumbuka vigae vyeupe vilivyooza pembeni kuwa vya manjano, maji ya mkojo yaliyotuama, moshi wa sigara na harufu iliyokwangua koo. Alikuwa kwenye beseni, kifua wazi, anasugua shati kwa kipande cha sabuni. Maji kwenye beseni yalikuwa mekundu. Nilisimama mlangoni nikidhani ni damu ya Baba yangu anaiosha, na kwamba nimechelewa, itakwisha kabla sijaiona.

Aliniona kwenye kioo. "Wewe mtoto wa Seif," alisema. Hakuuliza.

"Mama yuko juu."

Alilikamua shati, akalivaa likiwa linachuruzika, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingo, akanifuata. Doa lilikuwa halikutoka. Lilikuwa limetanda tu, rangi ya waridi kutoka bega mpaka bega.

Walizungumza huku vyuma vya ngazi viko kati yao. Yeye hakupanda mpaka juu. Alisimama ngazi ya tatu kutoka juu, kwa hiyo macho yake yalikuwa sawa na ya Mama.

"Amekufa?" Mama aliuliza.

"Amekufa, bibie. Wiki ile ile."

"Wewe ulikuwa nani pale?"

"Nilikuwa na bunduki. Sitakuficha. Sikufyatua. Wala sikuzuia. Walipomaliza tukaambiwa tuchimbe, nikachimba."

Mama alishika chuma. "Watu wengi wanaweza kuja kuniambia hivyo. Nitajuaje?"

Shaaban akawaza. "Walipomleta alinitambua. Aliniangalia, akaniambia, 'Shaaban, mguu wa kitanda kile bado unalia.'"

Kitanda chao kilitengenezwa na yeye, na mguu mmoja ulilia kila mtu alipogeuka. Baba aliweka karatasi chini yake, akaweka kitambaa, akamlaani seremala kila usiku. Mama alitoa sauti. Mimi nilidhani ni kilio, lakini ilianza kama kicheko, na ilipofika nusu haikujua iende wapi.

"Mlimlazaje?"

"Ubavu wa kulia, kaelekea kibla. Hilo nililisimamia mimi. Uso nilimfuta kwa kanzu yangu, maji hayakuwepo. Hayuko peke yake, bibie, ni wengi. Yeye ni wa mwisho, upande wa ukuta."

Alimtajia mahali. Sitapaandika hapa. Wamelala wengine pale, na kila mmoja ana watu wake wenye haki ya kuambiwa na mtu, wala si kusoma.

Basi lilipita. Shaaban alikuwa ameinamisha tena kichwa, maji yanamdondoka kwenye vidole.

"Uliwasalimia wale?" Mama akauliza.

"Niliwasalimia."

"Wakaitika?"

Akalitazama doa kifuani pake.

"Wa alaykum salaam, Shaaban," Mama alisema. Aligeuka, akatembea hatua chache hivi mpaka ukingo wa barabara, akainama na kutapika mtaroni. Alitapika mpaka hakubaki na kitu. Aliponyanyuka alijifuta kwa ncha ya mtandio, akanishika mkono, tukaondoka bila kutazama nyuma. Kwa miaka mingi nilieleza tukio hilo vibaya. Niliwaambia watu kwamba Mama alimsamehe. Hakumsamehe. Aliitika salamu yake, kwa kuwa ilikuwa salamu, na akamtapika, na yote mawili aliyafanya kwa moyo mmoja.

Tulipopita mbele ya ngazi Ami aliuliza kwa sauti ndogo, "Amesemaje?"

"Amesema ulilokuwa hutaki kulisikia," Mama alijibu.

Ndipo nilipomwona Ami akiketi juu ya mate yake mwenyewe. Uso aliugeuzia ukuta wa majina. Nikiwa mtoto sikuelewa, nimeelewa nilipokuwa mkubwa kumpita yeye alivyokuwa siku ile. Ni yeye aliyemwambia kaka yake asifunge duka. Hakutema kwa ushujaa, wala hata kwa chuki. Alitema ili yule mtu asimalize sentensi.

Jioni ile, jua bado liko dirishani, Mama aliugeuza uso wa kioo ukutani, akavua bangili, akakaa eda, akiihesabu tangu siku aliyoambiwa. Kiwanda cha makoti kilimpoteza. Ami, aliyekuwa haruhusiwi tena kuingia na kukaa naye kama zamani, alileta mchele na sabuni akaviweka nje ya mlango, akasimama hapo, tukawa tunamsikia anavuta kamasi. Hakuna aliyemfungulia mpaka ashuke. Baraza liliendelea. Mimi nilirudi huko, kwanza kwa kuzurura, kisha kwa kuzoea, na nilipoota ndevu nilikuwa na pahala pangu pa kuegemea na vichekesho vyangu kuhusu "wale," vichafu kuliko vya Twalib. Shaaban alibaki mji huu. Tulionana siku moja tu, mazikoni Barking, mvi zimemjaa, akanisalimia mimi mbele ya watu. Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nimesoma mpaka nikamaliza sekondari, na nilijua ninachofanya. Tangu hapo amefariki, na salamu ile haiwezi kuitikiwa popote.

Lakini nirudi kwenye mnara. Siku za eda za Mama zilipotimia, alioga, akavaa, na safari yake ya kwanza nje ya nyumba hakwenda sokoni. Alinishika mkono tukaenda kiwanjani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, ngazi tupu, zimesuguliwa, zinanuka dawa. Alikuwa na vijiti vya mrehani alivyoletewa na mke wa yule Muhindi wa Tooting. Kwetu huwekwa kaburini. Alipanda, akaviweka katikati ya maua ya karatasi, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, akalitaja jina la Baba. Mimi nilikuwa natafuta nafasi kwenye ukuta.

"Mama, watamwandika hapa, chini ya watu wa mikate?"

"Kwa nini wamwandike?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza ukoo wa nyama na ukoo wa mikate, jinsi walivyouana, na muuaji waliyemfunga juu ili asiinue macho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunicheka.

"Hawakuuana wao, mwanangu," alisema. "Walipandishwa meli, wakavuka, wakaenda kuua watu wasiowajua, na wao wakauawa huko na watu wasiowajua. Hawa wote ni wa upande mmoja. Na yule ni mwenzao."

Nilisikia kama nimelishwa kitu kichafu. Nilimwangalia askari. Kutu ya kijani ilikuwa imemteremka kutoka machoni mpaka kidevuni, na njiwa alikuwa ameketi kofiani, anakunya.

"Kama hakuua mtu wa mtaani," nikauliza, "anainamisha kichwa kwa nini?"

Mama alimtazama, mkono wake unanuka mrehani.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Labda ndivyo walivyomtengeneza."